Punguza ndimu kwanza, ndipo upunguze asali

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Nilifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Paje kabla ya kurudi nyumbani Chake Chake. Kule nilikuwa nawaona wenzangu wa kaunta wakiwatengenezea wageni mojito: ndimu, nanaa, sukari, barafu, soda na ramu. Nimetaka kuitengeneza nyumbani bila ya pombe kwa ajili ya wageni wetu wa Ijumaa jioni. Mama ana maradhi ya sukari, kwa hiyo nikaacha sukari nikatia asali, vijiko vitatu vya chakula kwa gilasi moja yenye ndimu mbili, maana naambiwa asali ni ya asili na haidhuru. Asali ikaganda chini. Juu ukali wa ndimu, chini utamu wa kukera. Nilipopunguza asali, ikawa kali tena na wakati huohuo maji matupu. Je, niendelee na asali, au nitumie tende, miwa, au ile stevia ya pakti? Na nifanye nini ipate ladha lakini iwe nyepesi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Nianze na mama, kwa sababu hilo halingoji. Asali inapandisha sukari ya damu. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, nyingi yake za aina mbili ziitwazo fruktosi na glukosi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: kijiko cha asali ni kizito kuliko kijiko cha sukari. Kijiko cha chakula cha sukari kina gramu 12 au 13. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 21 hivi, na ndani yake sukari ni gramu 17. Vijiko vyako vitatu, basi, vilibeba gramu 50 za sukari kwa gilasi moja. Ungetia sukari ya dukani kwa vijiko hivyo hivyo ungepata kama gramu 38. Ulikusudia kumpunguzia mama, na kipimo kikakwenda kinyume na nia yako.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu anayoipata kwa chakula cha siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Katika hesabu hiyo asali imo, sirapu imo, na hata juisi ya matunda iliyokamuliwa imo. Wataalamu hao hawakuiachia asali kwa sababu ya uasili wake. Kwa hiyo gilasi ya mama tutaitengeneza peke yake, na nitaieleza mbele.

Sasa tuje kwenye kinywaji chenyewe. Tatizo lako halikuanzia kwenye asali, lilianzia kwenye ndimu mbili. Kila utamu unaoutia kwenye kinywaji cha namna hii ni jawabu la ukali ulioutia kabla yake. Ukikamua ndimu mbili, umeshajifunga kutia vijiko vitatu vya kitu kitamu, kiwe asali, sukari guru au tende, la sivyo midomo ya wageni itapinda. Watu wanaotaka kinywaji chepesi hushika kijiko cha sukari wakaanza kukipunguza, na ndimu wakaiacha vilevile. Hapo ndipo wanapokata tamaa na kusema kinywaji bila sukari hakinyweki. Punguza ukali kwanza. Nusu ya ndimu inatosha gilasi moja kubwa, na utaona kwamba kijiko kimoja cha asali iliyozimuliwa kinafanya kazi ambayo vitatu vilishindwa kuifanya.

Utaniuliza, je, harufu ya ndimu itatoka wapi? Itatoka kwenye ganda. Maji ya ndimu yana ukali mwingi na harufu kidogo. Ganda lina harufu nyingi na halina ukali. Mafuta yamo kwenye vile vitone vidogo vya juu ya ganda. Chukua kisu kikali, umenye ukanda mwembamba wa kijani, ukiuacha ule weupe wa chini kwa sababu ni mchungu, kisha uukunje juu ya gilasi mpaka mafuta yaruke juu ya kinywaji. Mnywaji akiinua gilasi, pua inakutana na ndimu kabla ya ulimi, na yeye ataapa kwamba umetia ndimu nzima.

Hilo la pua nataka ulishike vizuri, kwa sababu ndilo linalokipa kisiwa chetu faida ambayo makaunta ya nchi nyingine huinunua kwa bei kubwa. Ladha nyingi tunazodhani tunazisikia mdomoni zinatoka puani. Vanila na mdalasini havina utamu wowote wa maana, lakini tumevizoea ndani ya vitu vitamu tangu utotoni, kwenye maandazi, kwenye uji, kwenye chai ya maziwa, hata kichwa kikinusa harufu hiyo kinatarajia utamu na kuusikia zaidi kuliko uliopo. Iliki inafanya vivyo hivyo. Mtu wa Pemba aliyezungukwa na mikarafuu, na anayepata mdalasini na iliki sokoni kwa bei ya kawaida, hana sababu ya kutegemea sukari peke yake.

Lakini bado hujajibiwa kwa nini ilikuwa maji matupu. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza mwaka 1806 kwamba kokteli ni mchanganyiko wa vitu vinne: pombe kali, sukari, maji, na dawa chungu za mizizi na maganda. Vinne hivyo kila kimoja kina kazi. Pombe inaleta moto kooni na kubeba harufu. Sukari inaleta utamu, na pia uzito mdomoni. Uchungu unafanya mtu asikinai. Maji yanavilainisha vyote. Wewe umetoa pombe, na hilo peke yake tayari limekipunguzia kinywaji kalori kama 100, maana ndicho kiasi kilichomo ndani ya kipimo cha kawaida cha mililita 45 za ramu. Kisha ukapunguza utamu. Uchungu hukuutia tangu mwanzo. Kilichobaki ni maji na ukali wa ndimu, na hivyo ndivyo ulivyovisikia.

Kazi yetu basi ni kurudisha moto, uzito na uchungu bila kurudisha pombe wala sukari.

Moto unatoka kwenye tangawizi mbichi, na kidogo kwenye pilipili manga. Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa huacha joto linaloshuka kooni na kukaa, na mtu anayekunywa anajikuta anakunywa taratibu, kama anywavyo kitu kizito. Hilo ni jema kwa wageni: gilasi moja inadumu mazungumzo yote. Uchungu na ukakasi utaupata kwenye karafuu, au kwenye chai rangi iliyokolea ukaiacha ipoe. Karafuu usizidishe. Ina mafuta yenye eujenoli, yale yale yanayotia ganzi kwenye jino linalouma, na ukitia nyingi ulimi wa mgeni utakufa ganzi na ladha nyingine zote zitapotea. Kwa nusu lita ya maji, punje tatu au nne zinatosha.

Uzito unatoka kwenye ubuyu. Nazungumzia ule mweupe, wa mbegu na unga wake, si ule mwekundu uliotiwa sukari na rangi ambao watoto wanamumunya. Loweka mbegu za ubuyu ndani ya maji vuguvugu, koroga mpaka unga uachie, chuja. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, kitu kile kile kinachogandisha jemu, na vijiko viwili vya maji yake vinakifanya kinywaji kiwe na mwili. Ukikitikisa kinatoa povu zuri juu. Una ukali pia, kwa hiyo ukitia ubuyu punguza ndimu zaidi.

Mwisho kuna chumvi. Chembe chache tu, kiasi unachoweza kukishika kwa ncha za vidole viwili kwa mtungi mzima. Chumvi inaufifisha uchungu na kuunyanyua utamu. Kila mtu wa pwani aliyekula embe bichi au nanasi lenye chumvi na pilipili anaijua kazi hiyo kwa ulimi wake hata kama hajaelezwa sababu.

Kuhusu kitamu gani utumie, nakupa maoni yangu waziwazi. Kwa kokteli ya baridi, asali ndiyo chaguo langu, na sababu yake si afya. Ni kwamba fruktosi iliyomo ndani ya asali inasikika tamu zaidi ikiwa baridi kuliko ikiwa moto, kwa hiyo asali kidogo inakwenda mbali kwenye barafu. Sababu ya pili ni kwamba asali inakuja na harufu yake, sukari nyeupe haina. Kwa hiyo onja kinywaji kikiwa kimeshapoa. Ukionja kikiwa vuguvugu utadanganyika na kuongeza kusikohitajika.

Tende ni nzuri kwa vinywaji vizito, vya maziwa au vya ukwaju, na ina faida ya kubaki na nyuzinyuzi ukiisaga bila ya kuichuja. Lakini tende moja ndogo ina sukari kama kijiko kimoja cha chai au kuzidi kidogo, na kwenye kinywaji cheupe cha nanaa inaleta rangi ya udongo isiyopendeza. Mwezi wa Ramadhani mimi napendelea tende ziliwe kwenye sahani. Mtu aliyefuturu kwa tende tatu ameshapata utamu wake, gilasi inayomfuata haina haja ya kuwa tamu.

Maji ya miwa, yale yanayokamuliwa kwa mashine pale Forodhani pamoja na ndimu na tangawizi, ni matamu kweli na mimi nayapenda. Hata hivyo gilasi ya robo lita inabeba zaidi ya gramu 30 za sukari. Ukitaka harufu ya miwa tumia vijiko viwili vya chakula ndani ya gilasi yako mahali pa asali, usiyafanye kuwa maji ya kuzimulia. Sukari guru ina ladha nzuri ya moshi na kuungua, lakini ni sukari ile ile.

Stevia inatokana na majani ya mmea wa Paraguay, na vile vitu vitamu vinavyotolewa humo huwa vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Haina kalori za maana. Ina mkia mchungu unaobaki mdomoni, unaofanana na ladha ya mzizi wa susi, na mkia huo unasikika zaidi kwenye kinywaji chepesi kama chako kuliko kwenye ukwaju. Ukiinunua soma nyuma ya pakti, kwa sababu pakti nyingi zina stevia kidogo sana iliyochanganywa na glukosi au na sukari nyingine za kuijazia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kwa lengo la kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana maradhi ya sukari. Kwa mama, basi, mlango haujafungwa, lakini mwambie daktari wake kwanza.

Sasa tutengeneze.

Asali haiyeyuki kwa urahisi kwenye baridi, ndiyo maana ilikaa chini ya gilasi yako. Lazima uizimue kabla. Chukua nusu lita ya maji, tia tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba uliyoiponda kwenye kinu, mabua mawili ya mchaichai uliyoyapiga kwa mchi mpaka yapasuke, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tatu zilizofunguliwa na karafuu tatu. Funika, chemsha kwa moto mdogo dakika tano, zima, uache hapo hapo pamefunikwa kwa dakika 20. Kifuniko ni muhimu, kwa sababu harufu unayoisikia jikoni ni harufu iliyokimbia sufuria. Chuja. Nusu ya maji hayo weka pembeni bila kitu chochote; hayo ni ya mama. Katika nusu ya pili, yakiwa vuguvugu, pima vijiko kumi vya chakula kwenye bakuli, humo bakulini tia vijiko vitano vya asali, koroga mpaka usione uzi wa asali chini. Yatakayobaki ya nusu hiyo yarudishe kwenye ya mama. Hii ni sehemu mbili za maji kwa moja ya asali. Kila kijiko cha chakula cha mchanganyiko huo kina sukari kama gramu 6, na unatosha gilasi 15.

Kwa gilasi moja, chukua chupa ya jemu yenye kifuniko kinachobana. Tia kijiko kimoja cha chakula cha asali yenye viungo, maji ya nusu ndimu, vijiko viwili vya maji ya ubuyu ukiwa nayo, dafu kiasi cha robo kikombe hadi nusu, chembe ya chumvi, na barafu mpaka nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka nje ya chupa pawe na ukungu na mikono ione baridi. Kutikisa si madoido ya kaunta: kunapooza, kunazimua kidogo, na kunatia hewa, na hewa hiyo nayo inasaidia uzito ule ambao sukari iliuacha. Mimina kwenye gilasi yenye barafu mpya. Jazia kwa maji ya soda yasiyo na sukari. Koroga mara moja tu kutoka chini kwenda juu.

Nanaa usiitwange. Hotelini uliona wakiitwanga kwenye gilasi pamoja na sukari, na sukari ile inaufunika uchungu wa majani yaliyochanika. Wewe huna sukari ya kuufunika. Yaweke majani kiganjani, yapige kofi moja kwa kiganja cha pili, yatie. Harufu itafunguka na uchungu utabaki ndani ya jani. Kisha ule ukanda wa ganda la ndimu, ukunje juu.

Gilasi hiyo ina sukari gramu kumi hivi, asali na dafu pamoja. Linganisha na zile 50 za mwanzo.

Angalia sana unaponunua maji ya soda. Kuna chupa zinazofanana nayo kwa rangi na mapovu, na kumbe ni toniki, ile soda yenye uchungu, au soda ya ndimu. Soda nyingi za kawaida zinabeba takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, na toniki nayo haiko mbali. Ukikosea chupa hapo kazi yote ya viungo imepotea. Na ukikosa maji ya soda kabisa, ambayo Pemba hayapatikani kila duka, tumia maji baridi na ongeza tangawizi kidogo, kwa sababu yale mapovu nayo yalikuwa sehemu ya ule moto.

Juisi za matunda nazo zipimwe. Pasheni ina harufu ya kutosha kujaza chumba, vijiko vitatu vya chakula vinatosha gilasi, na ukizitia acha ndimu kabisa maana pasheni ni kali yenyewe. Chungwa na chenza ni matunda ya kirafiki kwa mpango huu: ukali wake ni mdogo, kwa hiyo hauombi asali nyingi. Bungo ni habari nyingine. Nalipenda kuliko tunda lolote la visiwa hivi, lakini ukali wake unadai sukari kama deni. Ukitaka bungo jepesi, zimua kwa maji mengi zaidi ya ulivyozoea na utie iliki. Litakuwa la rangi ya njano hafifu, na harufu yake haitapungua sana.

Wageni wakiwa wengi, ukwaju unakufaa kuliko mojito, kwa kuwa hauhitaji kutikiswa gilasi kwa gilasi. Loweka ukwaju kwa maji moto, fikicha, chuja, zimua mpaka ukali uwe wa kusisimua tu, kisha saga humo tende chache laini na tangawizi. Tia chumvi na pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo. Utumike baridi sana.

Gilasi ya mama: yale maji ya viungo uliyoyaweka pembeni, baridi, kiasi cha nusu gilasi, matone machache ya ndimu, ganda lake, nanaa, maji ya soda juu. Ukipata vanila halisi kutoka kwa wakulima wa viungo, kipande kidogo cha kijiti chake ndani ya maji hayo usiku kucha kitamfanya asikie utamu usiokuwepo. Mpe kwenye gilasi ile ile ya wageni, yenye barafu na majani juu. Mgonjwa anayepewa kikombe cha plastiki pembeni wakati wenzake wanakunywa kwenye bilauri nzuri anaumia zaidi ya anavyoonesha. Chumvi usimtie ikiwa ana presha. Dafu usimpe kwa wingi bila ya kumuuliza daktari, kwa sababu lina potasiamu nyingi, na maradhi ya sukari yakikaa muda mrefu mara nyingi hugusa figo, ambazo ndizo zenye kazi ya kuitoa potasiamu hiyo. Na ikiwa anakunywa vidonge vya presha au vya mafuta ya damu, usibadilishe ndimu kwa balungi kabla ya kuuliza: balungi linazuia mwili kuvunja baadhi ya dawa hizo, na dawa inabaki nyingi kwenye damu kuliko ilivyopimwa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali kwa namna yoyote, hata ya kuzimuliwa, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kuwa na mbegu za vijidudu vinavyoleta botulizimu, maradhi ya sumu yanayopoozesha misuli; maji ya moto ya jikoni hayaziui, na utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuzizuia.

Ukinunua asali, usiamini majaribio ya kiberiti wala ya tone kwenye gilasi ya maji, hayathibitishi chochote. Asali kuganda nako si dalili ya kughushiwa, nyingi halisi huganda. Nunua kwa mrinaji unayemjua. Asali nyepesi ya rangi ya dhahabu inafaa zaidi kwa kinywaji cha nanaa. Ile nyeusi ya bara, kama ya Tabora, ina ladha nzito inayomeza viungo, iwekee ukwaju. Ukibahatika kupata ya nyuki wadogo, ambayo ni ya majimaji na ina ukali wake, ondoa ndimu kabisa.

Asali ikiwa peke yake haiharibiki kwa urahisi, lakini ukishaizimua kwa maji imekuwa kitu kingine. Hamira za asili zinaamka, na kwa joto letu mchanganyiko ule ukiachwa juu ya meza unaweza kuanza kuchacha upesi. Uweke kwenye friji ndani ya chupa safi iliyochemshwa, uutumie ndani ya siku chache. Ukiona mapovu yanapanda au kifuniko kinatoa pumzi ukikifungua, umwage. Umeshaanza kuwa kileo, na nyumba yako haikukusudia hicho. Umeme ukikatika usiku kucha, umwage pia.

Barafu igandishe mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Ile ya mapande inayouzwa kwa wavuvi imetengenezwa kwa samaki, isiingie kwenye gilasi ya mtu.

Alhamisi usiku chemsha viungo na ugandishe barafu. Ijumaa baada ya alasiri pasha yale maji ya viungo ya asali yawe vuguvugu, zimua asali, loweka ubuyu, menya maganda ya ndimu na uyafunike kwa kitambaa kibichi. Dafu lipasue wageni wakiwa wamekaribia, na soda ifunguliwe mwisho kabisa. Ukionja ukakiona kikali, ongeza dafu au maji. Ukikiona kimepooza, ongeza chembe ya chumvi au ukanda mwingine wa ganda, na usubiri kidogo kabla ya kuonja tena. Chupa ya asali iwe imeshafungwa na kurudishwa kabatini.